Butembo na Beni: Kwa nini tunalipia huduma mara mbili, na msaada wa jirani unakomea wapi

Katika miji ya Butembo na Beni, familia nyingi zinanunua leo vitu ambavyo katiba ya nchi inaviita haki: maji, umeme, masomo, matunzo. Na wakati huohuo bei ya chakula, ya esanse na ya nyumba haikai pahali pamoja. Makala hii inaeleza bei zinatokea wapi, huduma za serikali zimefikaje hapa, wakaaji wanajisaidia namna gani, na kwa nini kujisaidia peke yake hakuwezi kutosha.

Bei inaanzia mbali na soko

Muuzishaji wa soko la Kilokwa kule Beni, ao wa soko kuu la Butembo, njo mtu wa kwanza kulaumiwa bei ikipanda. Lakini yeye ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu. Sukari, sabuni, chumvi, mabati, nguo, esanse na dawa nyingi zinaingia kupitia mpaka wa Kasindi. Sehemu kubwa inashuka bandarini Mombasa, inapita Kenya na Uganda, inavuka Mpondwe, halafu inapanda njia ya kilometa karibu 80 mpaka Beni. Kutoka Beni hadi Butembo ni kilometa zingine 54 hivi. Kila pahali mzigo unaposimama, kuna gharama inayoingia ndani ya bei.

Njia yenyewe ni gharama. Tarehe 16 mwezi wa sita 2021, marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua pale mpakani kazi ya kutengeneza njia za Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Rutshuru–Goma, jumla kilometa 223. Kazi haikuenda kwa mbio watu waliyoitumainia. Mvua ikinyesha, lori likikwama matopeni siku mbili, nyanya zinaoza, dereva anakula, boyi wa lori anakula, na mwenye mali anatafuta kurudisha feza yake kwa mnunuzi. Kwenye njia ya Kasindi kuna tena shida ya usalama: magari yamechomwa na watu wameuawa katika mashambulio ya ADF. Safari ya hatari haiwezi kuwa na bei ya safari ya amani.

Kuna pia malipo ya mpakani na ya njiani. Dekre ya mwezi wa tatu 2002 ilitaja idara nne tu zenye ruhusa ya kufanya kazi mipakani: ile ya forodha (leo DGDA), OCC inayopima ubora wa mali, DGM ya uhamiaji, na idara ya usafi na afya. Kila mfanyabiashara mdogo anayevuka Kasindi anajua kama meza anazozikuta ni zaidi ya nne. Mama mwenye kubeba katoni mbili hana namna ya kubishana muda mrefu, maana anataka kurudi mbele ya usiku. Analipa, kisha anaongeza juu ya bei.

Chakula cha nyumbani nacho kimekuwa mbali

Zamani, bei ya vitu vya nje ikipanda, familia ilikuwa inarudi kwenye shamba. Teritwari ya Lubero ilijulikana kwa viazi, maharagi, vitunguu na kabeji. Beni ilikuwa na mihogo, ndizi, mchele na mawese. Kimbilio hilo limepungua.

Upande wa Beni, mauaji yaliyoanza mwezi wa kumi 2014 yaliwafungia watu mashamba yao. Mayangose ni mfano ambao kila mkaaji wa Beni anaujua: shamba liko karibu na mji, mavuno yapo, lakini kuyafuata ni kucheza na maisha. Upande wa Lubero, waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, halafu wakasonga mbele kusini ya teritwari. Maelfu ya familia zilikimbia kuelekea Lubero-centre na Butembo. Magharibi, katika sekta ya Bapere, ADF walitoa watu katika vijiji vilivyokuwa vinalisha soko la Butembo.

Hesabu yake ni rahisi na inauma. Mkulima aliyekimbia hakomi kula. Jana alikuwa anauzisha viazi, leo anavinunua. Soko linapoteza mleta mali na linapata mnunuzi, siku ileile. Njo maana bei inaweza kupanda hata kama hakuna mfanyabiashara aliyeficha mali.

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na uongozi wa jimbo la Kivu ya Kaskazini ukahamia Beni. Wakuu, wafanyakazi na familia zao wakakuja kutafuta nyumba palepale wakimbizi walikuwa wanatafuta. Nyumba hazikuongezeka kwa kadiri hiyo.

Kuna tena kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Wakulima wa Beni waliofikia mashamba yao walipata feza nyingi. Lakini wizi wa kakao shambani uliongezeka, na feza hiyo iliingia katika mji ambamo mwalimu na mlinzi hawakupata hata kipande chake.

Dola na franga: pahali mshahara unapopotelea

Hapa kwetu watu wanaishi na feza mbili, na karibu na mpaka hata shilingi ya Uganda inaingia. Mwalimu, askari na muganga wa serikali wanalipwa kwa franga. Nyumba inalipwa kwa dola. Mali ya jumla inahesabiwa kwa dola. Chumvi na nyanya zinalipwa kwa franga.

Tuchukue mfano. Familia inalipa nyumba dola 30 kwa mwezi. Dola moja ikiwa franga 1,600, kama mwaka 2017, nyumba ni franga 48,000. Ikifika 2,800, kama mwaka 2024, nyumba ileile ni 84,000. Mwenye nyumba hakupandisha kitu, lakini mpangaji amepoteza 36,000 kila mwezi. Kama mshahara wake haukuongezwa kwa kipimo hicho, tofauti inatoka kwenye sahani ya watoto.

Mwishoni mwa mwaka 2025 franga ilipata nguvu, dola ikashuka chini ya 2,500. Watu wengi walitumaini kama bei zitashuka palepale. Hazikushuka kwa kadiri ileile. Muuzishaji aliyenunua mali wakati dola ilikuwa juu hataki kuuzisha kwa hasara, na akikwisha kuzoea bei moja, haiachi upesi. Na wale wanaopokea dola, kama familia zinazosaidiwa na ndugu wa Ulaya ao Kanada, walipata franga kidogo kwa dola ileile, mbele ya bei zilezile. Bei ni nyepesi kupanda na nzito kushuka.

Jambo moja ambalo wapangaji wengi hawalijui: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haiwezi kupita miezi mitatu ya kodi. Mwenye nyumba anayedai miezi sita kwa chumba cha kulala anavunja sheria. Kumpeleka mbele ya wakuu ni shida nyingine, lakini kuanza mazungumuzo ukijua sheria si sawa na kuanza bila kuijua.

Huduma nne, malipo mawili

Masomo. Toka miaka ya mwanzo ya 1990, wazazi wa Congo walibeba walimu mgongoni kwa prime ya kila mwezi, maana mshahara wa serikali ulikuwa umekufa. Mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo, sawa vile kifungu cha 43 cha katiba kinavyosema. Hilo lilikuwa jambo kubwa: watoto waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Lakini madarasa yalijaa, na walimu wengi walibaki bila namba ya malipo ya serikali. Mwezi wa tisa 2024 walimu waliweka chaki chini, wakidai mshahara bora. Mgomo ukirefuka, mzazi mwenye feza anamhamisha mtoto kwenye masomo ya binafsi. Asiye na feza anangoja. Na masomo ya sekondari yamebaki ya kulipia.

Matunzo. Kituo cha afya cha serikali kinaishi kwa feza ya mgonjwa: ya fishi, ya maabara, ya dawa, ya kitanda. Wakati wa Ebola, kutoka tarehe 1 mwezi wa nane 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020, tuliona sura nyingine. Ugonjwa ule ulishika watu 3,470 na kuua 2,287, wengi wao Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Ndani ya msiba ule, matunzo ya bure yaliwekwa katika vituo vingi vya eneo la mlipuko. Mlipuko ukaisha, msaada ukapungua, familia zikarudi kulipia. Wamama wengi wanangoja tena siku tatu ao nne mbele ya kumpeleka mtoto mwenye homa. Wakifika, malaria imekwisha kuwa kali na deni ni kubwa zaidi.

Maji na umeme. Kifungu cha 48 cha katiba kinataja haki ya kupata maji safi na umeme. REGIDESO ipo katika miji yote miwili, lakini mabomba yake hayafiki kwa kila kartie, na mji wa Butembo umekua kupita mabomba hayo. Watu wanachota kwenye vyanzo vya mabondeni, kwenye bomba za jumuiya zinazosimamiwa na komite, ao wananunua bidoni. Umeme ni wa makampuni binafsi, wa jenereta, ao wa plake za jua. Maskini njo analipa ghali zaidi: anayenunua bidoni moja moja na kuchajisha simu barabarani, akijumlisha mwezi mzima, anaweza kupita aliye na bomba na kontere nyumbani.

Njia za mji. Komini zinakusanya kodi ya soko, ya moto, ya stendi. Halafu siku ya salongo wakaaji walewale wanabeba jembe na mawe kuziba mashimo. Motari anayelipia vinyeti na kununua risoo mpya kila mara kwa sababu ya mashimo, huyo pia amelipa mara mbili.

Kujisaidia si jambo geni hapa

Butembo ni mji uliokua bila kungoja sana Kinshasa. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Butembo-Beni toka 1966 hadi 1997, alihimiza watu kutengeneza njia kwa mikono yao, na wakati wake, mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Graben kilifunguliwa. Wafanyabiashara walichanga kwa ajili ya njia na majengo ya mji. Roho hiyo ingali ipo, na inaonekana zaidi katika vikundi vidogo.

Likelemba ni njia ya kwanza. Watu kumi wanatoa kila mmoja 5,000 kwa juma, mmoja anabeba 50,000, juma lijalo mwingine. Haina riba, haina makaratasi. Nguvu yake ni kuaminiana. Udhaifu wake: shida haingoji zamu yako.

AVEC ni njia ya pili. Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Watu 15 mpaka 25 wanajichagua wenyewe. Kila juma wananunua sehemu, moja mpaka tano. Feza inafungiwa katika kisanduku cha kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Kuna pia kasha dogo la msaada, kwa msiba na magonjwa. Baada ya miezi 9 ao 12, kila mtu anapata akiba yake na faida.

Kikundi chenye watu 20, kila mmoja akiweka 2,000 kwa juma, kinafikisha 40,000 kwa juma. Katika majuma 50 ni milioni mbili. Hapa tukumbuke somo la dola: kama akiba imelala mwaka mzima kwa franga na franga imeanguka, wanachama wanagawana hesabu kubwa yenye kununua kidogo. Vikundi vyenye uzoefu vinaamua toka mwanzo feza gani itumike, ao vinahakikisha mikopo inazunguka na haikai kisandukuni.

Mutuelle ya afya ni njia ya tatu. Familia inalipa mchango kila mwaka, kisha ikigonjwa inatoa sehemu tu ya deni la hospitali. Sheria namba 17/002 ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inapanga namna mutuelle zinavyofanya kazi. Mbele ya kuingia, uliza mambo matatu: hospitali gani zinakubali karati yenu? Mutuelle inalipa asilimia ngapi? Na ni muda gani wa kungoja mbele ya kuanza kutunzwa?

Nyumbani, wamama wamepanga njia zao: kununua mfuko mmoja wa unga kwa familia tatu na kugawana, kutumia mbabula yenye kula makala kidogo, kulima mboga kando ya bonde la Kimemi, kufuga kuku na sungura. Njia hizi zinasaidia kweli. Lakini njia moja ya kujibana ni hatari: kula mara moja kwa siku. Mtu mzima anaweza kuvumilia kwa muda. Mtoto chini ya miaka mitano anadumaa, na deni hilo halilipwi tena.

Pahali kisanduku kinakomea

Kikundi cha kusaidiana kinafanya kazi vizuri kwa sharti moja: shida ipige nyumba moja wakati mmoja. Leo mtoto wa mama huyu amelazwa, wengine 19 wako wazima, kasha linatosha. Mwezi ujao ni mwingine. Hesabu inashika.

Lakini shida za Butembo na Beni mara nyingi haziji hivyo. Kijiji kikishambuliwa, kartie nzima inapokea wakimbizi usiku mmoja. Njia ya Kasindi ikifungwa, wauzishaji wote wanakosa mali siku ileile. Franga ikianguka, inaanguka mifukoni mwa wanachama wote. Siku hiyo watu 20 wanasimama mbele ya kisanduku, wote wakiomba, na hakuna wa kuweka. Kasha lenye kupokea 500 kwa kila mtu kwa juma linakusanya 10,000. Halilipi upasuaji hata mmoja, wacha kumi.

Njo hapo huduma ya serikali inakuwa ya lazima. Serikali peke yake inaweza kuchukua feza pahali palipo na amani na kuipeleka pahali penye vita, kuchukua mwaka mzuri kulipia mwaka mbaya. Kartie haiwezi kujikatia bima yenyewe juu ya vita.

Katiba ilifikiri hivyo. Kifungu cha 175 kinasema majimbo yabakishe asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao. Kifungu cha 181 kinaunda kasha la kusawazisha, lenye kupewa asilimia 10, kwa kuinua maeneo yaliyobaki nyuma. Toka katiba itangazwe mwaka 2006, majimbo yamelalamika kama asilimia 40 haibakishwi: feza inapanda Kinshasa, na inayorudi ni kidogo na inachelewa. Kasindi ni mmoja wa mipaka yenye kuingiza feza nyingi mashariki ya nchi. Mkaaji wa Butembo anayeruka shimo mbele ya mlango wake ana haki ya kuuliza mapato hayo yanakwenda wapi.

Nani wa kuuliza, na namna gani

Siku za miji kufa, yaani ville morte, zimetumiwa sana hapa. Zinasikika mbali, lakini zinamtoza yule anayekula kazi ya siku. Kuna milango mingine ambayo haitumiwi vya kutosha.

Kwenye masomo kuna komite ya wazazi (COPA). Malipo yoyote yanayodaiwa katika masomo ya msingi ya serikali yaulizwe pale, katika mkutano, mbele ya wazazi wengine.

Kwenye kituo cha afya kuna CODESA, komite ya wakaaji wa eneo la afya. Yenyewe ina haki ya kujua bei za matunzo na namna mapato yanavyotumika. Omba bei zibandikwe ukutani, pahali mgonjwa anaziona.

Kwenye kodi ya soko ao ya moto, omba risiti kila mara, na uiweke. Malipo bila risiti hayaingii katika kasha la serikali. Na siku mtaenda kwa mkubwa wa kartie ao kwa bourgmestre kuuliza njia ao bomba la maji, risiti 200 za wauzishaji juu ya meza zina sauti kuliko maneno.

Endelezeni likelemba, AVEC na salongo. Bila hizo nyumba nyingi zingekwisha kuanguka. Ila kila kikundi kinaweza kuongeza jambo moja dogo: pale mnapoandika akiba za juma, andikeni pia karatasi ya pili, yenye kile kila mwanachama alicholipa kwa masomo, maji, matunzo na kodi. Baada ya miezi mitatu mtakuwa na hesabu ambayo mkuu yeyote atalazimika kuijibu.